Chupa ya Mdachi

Kioo ni kitu kigeni katika milima ya Usambara. Tangu zamani Washambaa walitunza asali, samli, mbegu na dawa katika vibuyu na vyungu, na kioo kilipowafikia mara ya kwanza kilikuja kwa umbo la ushanga, si kwa umbo la chupa. Kwa hiyo kila chupa ya kale iliyomo katika nyumba za milima hiyo ina safari ndefu nyuma yake. Ilifanywa ng'ambo, ikavuka bahari, ikapakuliwa Tanga au Pangani, kisha ikapanda mlima kichwani mwa mchukuzi au, katika siku za baadaye, ndani ya gari. Msomaji aweza kuuliza kuna faida gani kwa mwanachuoni kuinama juu ya chupa tupu. Mimi nami niliuliza hivyo, mpaka siku ile chupa moja ilipoletwa mbele ya wazee wa ukoo wetu iwe shahidi, nami nikaitwa niwe mkalimani wake.

Chupa nizisemazo si zile za shingo nyembamba zilizotiwa pombe au soda. Ni chupa za mdomo mpana, ambazo Wazungu walizitumia kuhifadhi matunda ya msimu mmoja yapate kuliwa katika msimu mwingine. Asili yake ni Ufaransa. Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi na mfanyaji wa vitamutamu, aligundua kuwa chakula kikitiwa ndani ya chupa, kikazibwa barabara na kuchemshwa pamoja na chupa yake, hakiozi kwa muda mrefu. Serikali yake ikamtunza faranga 12,000 mwaka wa 1810, na mwaka huo huo akatoa kitabu juu ya elimu hiyo. Sababu ya chakula kutooza hakuijua. Jibu lilingoja uchunguzi wa Louis Pasteur, nusu karne baadaye.

Udhaifu wa chupa za Appert ulikuwa katika kizibo, na historia yote iliyofuata ni historia ya vifuniko. Tarehe 30 Novemba 1858 John Landis Mason, Mmarekani, alipata hataza ya chupa yenye mizingo ya skurubu shingoni, ambayo kifuniko cha zinki huzungushwa juu yake. Wajerumani walishika njia nyingine. Johann Weck na mwenziwe Georg van Eyck walianzisha kampuni yao mwaka wa 1900 katika mji mdogo wa Öflingen, wakauza chupa yenye kifuniko cha kioo, pete ya mpira na kibanio cha chuma. Chupa ikichemka, hewa hutoka. Ikipoa, kifuniko hufyonzwa chini kwa nguvu hata kibanio kikiondolewa hakifunguki. Jina la Weck lilienea sana kwao hata likageuka kuwa kitenzi. Huko Uingereza jina lililovuma ni la jamaa ya Kilner wa Yorkshire. Katika aina zote hizi pete ya mpira ndiyo roho ya chupa, nayo huchakaa upesi. Chupa iliyopotewa na pete yake haihifadhi tena matunda. Yabaki kuwa chombo cha kutilia chumvi, ufuta au misumari, na katika hali hiyo ndimo tuzikutamo nyingi majumbani kwetu.

Zilifikaje huko juu? Wamisheni wa Kijerumani wa Kilutheri waliingia Mlalo mwaka wa 1891, Vuga mwaka wa 1895, na Bumbuli mwaka wa 1899. Serikali yao ilianzisha shamba la majaribio Kwai mwaka wa 1896, wakapanda mboga na miti ya matunda ya Ulaya. Mji wa Lushoto wenyewe waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka wa 1893 ilichelewa sana njiani, ikafika Mombo, chini ya mlima, mwaka wa 1905. Walowezi walipenda baridi ya huko, na baridi hiyo ikayapenda matunda yao: peasi, pichesi na plamu zikastawi. Lakini matunda haya huiva yote pamoja katika majuma machache, na soko la kuyauza lilikuwa mbali. Bibi wa nyumba asiye na chupa aliyaona yakioza chini ya miti. Hivyo chupa ya matunda haikuwa pambo la kabati. Ilikuwa chombo cha kazi, na kazi hiyo, ya kumenya, kukoleza moto na kuchemsha, aghalabu ilifanywa na Washambaa waliokuwa watumishi wa jikoni, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote nilichopata kukisoma.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza thamani ya chupa ilipanda kuliko wakati wowote. Manowari za Waingereza ziliziba pwani, na koloni la Wajerumani likalazimika kujitegemea. Upande wa mashariki wa milima yetu, Amani, ambako tangu mwaka wa 1902 kulikuwa na chuo cha uchunguzi wa mimea, wataalamu waliacha vitabu vyao wakafanya sabuni, chakula, dawa ya meno na vidonge vya kwinini. Katika hesabu za kazi yao ya wakati wa vita zimetajwa chupa 15,200 za wiski na vileo vinginevyo. Wengi husoma tarakimu hiyo wakacheka kwa ajili ya wiski. Mimi huitazama chupa. Koloni lile halikuwa na kiwanda cha kioo, na meli hazikuja. Kwa hiyo yamkini sehemu kubwa ya chupa hizo ilikuwa imekwisha kunywewa mara moja au mbili kabla yake, ikaoshwa na kutiwa tena. Anayetafuta umri wa kilichomo kwa umri wa chupa hana budi kukumbuka Amani.

Mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliiteka Lushoto. Wajerumani wakaondolewa, na mashamba yao yakauzwa kuwa mali ya adui. Mwaka wa 1925 waliruhusiwa kurudi, wengi wakarudi, wakanunua tena mashamba na kulima kahawa na matunda chini ya utawala wa Kiingereza. Halafu, Septemba 1939, vita ya pili ilipotangazwa, wanaume wao wakakamatwa na kutiwa kizuizini, na nyumba zikafungwa mara nyingine. Naomba msomaji alishike jambo hili: katika milima ya Usambara Mjerumani aliondoka mara mbili, na kila mara aliacha nyuma yake vyombo visivyobebeka. Katika kusimulia, mara mbili hizo huwa mara moja.

Sasa niseme kidogo juu ya kuisoma chupa, maana ni elimu yenye mitego. Mtego wa kwanza ni maandishi. Chupa nyingi za Kimarekani zina tarehe ya mwaka wa 1858 iliyochomoza juu ya kioo, na mwenye nayo hufurahi akidhani amepata kitu cha karne ya 19. Tarehe hiyo ni ya hataza, si ya chupa. Viwanda viliendelea kuipiga hata ndani ya karne ya 20. Twaweza kusema kuwa chupa hutaja mwaka aliozaliwa babu yake, na msikilizaji akadhani ni wake mwenyewe.

Mtego wa pili ni mshono. Kioo kikipulizwa ndani ya kalibu ya vipande viwili, huacha mstari ubavuni. Kwa chupa za shingo nyembamba wakusanyaji hufuata kanuni moja: mstari ukikoma chini ya mdomo, mdomo ulitengenezwa kwa mkono, ukipanda hata juu kabisa, ni kazi ya mashine. Kwa chupa za matunda kanuni hii yadanganya. Katika zile za zamani mdomo wenyewe ulifanywa ndani ya kalibu, na kioo kilichozidi kikakatwa na kusagwa. Hivyo mshono hufika juu ijapokuwa chupa ilipulizwa kwa pumzi ya mtu. Hapo hapana budi kuupitisha ukucha juu ya ukingo. Ukingo uliosagwa hukwaruza kama jiwe la kunolea, na mara nyingi una vijipengo. Ukingo wa mashine ni laini. Kisha geuza chupa utazame kitako. Mashine ya Michael Owens, iliyovumbuliwa mwaka wa 1903, ilifyonza kioo kutoka tanuri, na kisu kilichokikata kiliacha duara lisilo sawasawa, lililokaa upande. Mwenye kuliona duara hilo asiseme tena habari za karne ya 19.

Rangi nayo yasaidia kwa kiasi. Ukijani hutokana na chuma kilichomo mchangani. Ili kuuondoa, wafuaji walitia manganizi, na kioo cha namna hiyo kikikaa juani miaka mingi hugeuka kuwa na rangi ya zambarau hafifu. Aghalabu huwa ni cha kabla ya mwaka wa 1920 hivi. Lakini kwetu chupa hukaa darini, katika giza na moshi, na jua haliioni. Kukosa zambarau si dalili ya ujana. Tena siku hizi wako wauzaji wanaoupiga kioo mionzi ili kigeuke zambarau kwa siku chache, na rangi yake huwa nzito kuliko ile iliyofanywa na jua. Viputo navyo vinasifiwa kupita kiasi: nimeviona katika vioo vya zamani, na nimeviona katika bilauri zilizonunuliwa dukani mwaka jana.

Nilikuwa nikiyajua haya, na kuyajua kwangu ndiko kulikonitia katika shughuli nitakayoisimulia.

Katika kijiji kimoja kisicho mbali na Lushoto, ukoo wetu na jirani zetu waligombania kipande cha ardhi chini ya mipeasi mizee. Kipande chenyewe ni chembamba, pengine hatua sitini kwa ishirini, lakini kina maji, na katika milima ile maji ni mali kuliko udongo. Sisi tulisema kuwa baba wa babu yangu alikuwa mtunza bustani wa Mdachi; vita ilipokuja, Mdachi aliondoka, na mkewe akampa chupa akamwambia akae pale na miti ile iwe yake. Vita hiyo, kwa hesabu ya wazee wetu, ilikuwa ile ya mwaka wa 1914. Jirani zetu walisema kuwa mzee wao alipalima mahali hapo kati ya vita mbili, na hapo hapakuwa na mtu. Hati hapakuwa, kwa upande wetu wala kwa upande wao. Chupa ilikuwapo.

Baba mkubwa aliileta kwenye baraza imefungwa kwa kanga. Ilikuwa haina kifuniko; mdomoni palikuwa na jani la mgomba lililokauka, lililokazwa kwa kamba. Akaiweka juu ya kiti akaniambia mbele ya watu, "Mwanangu, umesoma hata ukaitwa daktari. Waambie wenzetu hii chupa ina miaka mingapi."

Nilimwamkia shikamoo kwa mara ya pili, nadhani kwa kutaka nafasi ya kufikiri, maana nilikuwa nimekwisha kuiona. Ubavuni pameandikwa jina la Kilner kwa herufi za Kiingereza, na chini yake maneno ya kwamba ilifanywa Uingereza. Hilo peke yake halikunitisha, kwa kuwa Wakilner walikuwa wafuaji wa kioo tangu karne ya 19. Niliigeuza. Kitakoni palikuwa na herufi tatu, UGB.

Herufi hizo ni za shirika la Waingereza la United Glass Bottle Manufacturers, lililoundwa mwaka wa 1913. Shirika hilo halikuwa na haki ya kufanya chupa za jina la Kilner mpaka kampuni ya Wakilner ilipofilisika mwaka wa 1937 na haki zake zikauzwa. Kwa hiyo chupa yenye jina la Kilner pamoja na herufi za UGB haikuweza kuwapo duniani kabla ya mwaka wa 1937. Hapana Mdachi aliyeweza kumpa mtu chupa ile mwaka wa 1914, wala mwaka wa 1916.

Nakiri kuwa palikuwa na mlango wa kutorokea. Chupa hueleza tu wakati ambao kabla yake haikuwezekana iwepo. Haielezi ni lini iliingia nyumbani. Ningaliweza kusema kuwa chupa ya kwanza ilivunjika, na hii ikawekwa mahali pake, na kwamba hadithi imesalimika. Neno hilo lingalikuwa la kweli kwa namna ya mambo yasiyokanushika. Baba mkubwa alikuwa akinitazama, na naamini aliona kuwa ninautafuta mlango huo.

Kabla sijafungua kinywa, mzee wa upande wa pili, mtu mpole sana, aliomba habari ya chupa isimuliwe upya tangu mwanzo, na isimuliwe na shangazi, mkubwa wa baba zangu wote, kwa kuwa yeye aliisikia kwa mwenyewe aliyepewa. Shangazi akasimulia. Alisema kuwa askari wa Kingi Joji walikuja asubuhi, wakamchukua Mdachi wakampandisha katika lori, na mkewe akabaki barazani akilia, na chupa za plamu zikiwa bado moto mezani.

Nikamwuliza, "Shangazi, ni lori?"

Akasema, "Lori. Babu alisema lilishindwa kupanda kona ya juu, wakamshusha Mdachi mwenyewe alisukume."

Watu walicheka, nami sikucheka. Hadithi ile nimeisikia tangu utoto wangu, na lori lilikuwamo ndani yake siku zote, hata hapana aliyelijali. Kutoka kwa Wajerumani wa mwaka wa 1916 hakukuwa kwa namna hiyo. Kukamatwa asubuhi moja, mtu barazani kwake, na kupakiwa garini, ni habari ya Septemba 1939. Kilichotupoteza ni jina la mfalme. Mwaka wa 1914 alitawala Joji wa Tano, na mwaka wa 1939 alitawala Joji wa Sita. Kwa askari na kwa wakulima wote wawili walikuwa Kingi Joji tu. Vita mbili, Wadachi wawili na wafalme wawili wakaingia katika jina moja.

Basi niliyasema yote. Nilisema kuwa chupa ni ya mwaka wa 1937 au baada yake, na kwamba kama hadithi ni ya kweli, na sasa naamini kuliko zamani kuwa ni ya kweli, basi chupa ilitolewa mwaka wa 1939. Chupa na hadithi zilikuwa zimeubana wakati hata ukawa na upana wa miaka miwili mitatu tu, jambo ambalo mwanahistoria mwenye makaratasi mengi hulipata kwa nadra. Nilidhani kuwa nimeipa hadithi yetu heshima. Kumbe kwa baba mkubwa nilikuwa nimeinyang'anya miaka ishirini na mitano, na ile miaka ishirini na mitano ndiyo aliyoitegemea. Wazee walikigawa kipande kile. Maji yakawa ya wote. Baba mkubwa aliifunga tena kanga yake akaondoka bila kuniaga.

Miezi michache baadaye alifika kijijini mnunuzi wa vitu vya kale, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza chupa, pasi za mkaa na sarafu za Kijerumani. Alikuwa amesikia habari ya chupa ya Mdachi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka wa 1964 huvihesabu kuwa masalio vitu vilivyofanywa nchini kabla ya mwaka wa 1863. Chupa ya Kiingereza ya mwaka wa 1937 ipo mbali na kivuli chake, na mwenye nayo yu huru kuiuza. Sina ugomvi na wakusanyaji. Wao ndio waliozisoma alama za vitako wakati wanachuoni tukidharau, na bila ya kazi yao nisingalijua maana ya herufi tatu zile. Lakini mkusanyaji hulipia chupa, na hadithi huiacha kizingitini. Chupa ya Kilner ya namna ile ni ya kawaida kabisa. Uingereza hupatikana kwa bei ndogo katika maduka ya vitu vya mtumba. Ikitoka katika nyumba ile haitakuwa tena na lori, wala mwanamke aliyelia barazani, wala plamu zilizokuwa bado moto, nayo hadithi itabaki na mwaka wowote mtu atakaopenda kuipa.

Mnunuzi alitaja bei mara mbili. Baba mkubwa, nilivyoambiwa, alikuwa tayari kuiuza, maana alisema haina faida tena. Shangazi alikataa.

Nilipopanda Lushoto mara ya mwisho nilipitia kwanza Irente, ambako jamu ya matunda ya mlimani huuzwa katika chupa nyeupe zenye vifuniko vya bati, nikanunua mbili. Shangazi alizipokea, akaionja moja kwa ncha ya kidole akasema sukari imezidi. Chupa ya Mdachi ilikuwa rafuni, juu ya meko, imejaa mbegu za maharagwe, na jani la mgomba lilikuwa bichi. Baba mkubwa aliingia, akaniitikia salamu. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama zile herufi za chini zaweza kufutika chupa ikioshwa kwa majivu. Nikamwambia haziwezi kufutika, zimo ndani ya kioo chenyewe.

Akasema, "Basi waioshe. Ina masizi."